Matangazo yamekatika au hela haiji: soma dalili kwanza, usianze kufuta video

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananitumia skrinshoti ya YouTube Studio (sehemu ya kusimamia chaneli yako), hajaandika kitu zaidi ya "nisaidie", na ukimuuliza mpaka sasa umefanya nini anakwambia nimeshafuta video tano. Hapo roho inaniuma kweli maana mara nyingi tatizo halikuwepo kwenye hizo video tano, na ukishafuta hamna kurudisha, masaa ya kutazamwa yaliyokuwa kwenye hizo video hayahesabiwi tena, koment zimeenda, link zote ulizosambaza zimekufa. Kwahiyo kabla hujagusa kitu chochote jiulize swali moja tu: tatizo liko kwenye video moja, liko kwenye chaneli nzima, au liko kwenye akaunti ya malipo? Hizo ni sehemu tatu tofauti kabisa, kila moja ina sheria zake na dawa yake, na wengi wanateseka kwa sababu wanatibu sehemu ambayo haiumwi.

Naongelea zaidi YouTube kwa sababu ndo wengi wetu tupo huko na ndo naijua vizuri, ila sehemu nyingi mantiki ni hiyo hiyo.

Dola ya njano kwenye video

Hii ndo inayotisha watu kuliko zote. Unaaplodi, unaangalia, ile alama ya dola badala ya kijani imekuwa njano. Maana yake video inapata matangazo machache au haipati kabisa. Haimaanishi umefungiwa, haimaanishi una straiki (onyo rasmi la kuvunja sheria), na video inaendelea kuonekana kama kawaida. Hapa lazima uelewe kuna vitabu viwili vya sheria. Kimoja ni miongozo ya jamii, kinasema kipi kinaruhusiwa kukaa pale YouTube. Kingine ni miongozo ya watangazaji, kinasema kipi kampuni zinakubali tangazo lao likae karibu nacho. Kitabu cha pili ni kikali zaidi, na kilibana sana baada ya Machi 2017 pale kampuni kubwa zilipoondoa matangazo yao baada ya kuona yanatokea kwenye video za chuki na za magaidi. Kwahiyo video yako inaweza kuwa halali asilimia mia na bado ikawa njano.

Sababu zenyewe ni zile zile zinajirudia: matusi, vurugu na damu, mambo ya ngono, silaha, dawa za kulevya, sigara, changamoto za hatari, maneno ya kudhalilisha watu, na kitu ambacho wengi hawakitegemei, matukio nyeti kama vita, shambulio au janga ambalo limetokea juzi juzi na watu bado wanaomboleza. Unakuta mtu kaongea kwa heshima kabisa, anaelimisha, ila kaweka thambneli (ile picha ya jalada la video) yenye mwili wa marehemu na kichwa cha habari chenye neno la mauaji kwa herufi kubwa. Mashine haiangalii nia yako, inaangalia kichwa, thambneli, maelezo, sauti na picha zote kwa pamoja. Mara nyingi mimi nikifuatilia nakuta ndani ya video hamna shida, shida iko kwenye thambneli, na ile unabadilisha kwa dakika kumi.

Kuhusu matusi naomba msikilize vizuri maana ushauri wa zamani unazunguka sana. Novemba 2022 sheria ilibanwa, tusi kali kwenye sekunde 7 za mwanzo lilikuwa linaweza kukunyima matangazo kabisa. Machi 2023 wakalegeza, ikawa matangazo machache badala ya sifuri. Julai 2025 wakalegeza tena, tusi la mwanzoni halikuzuii kupata matangazo kamili, ila tusi kwenye kichwa au thambneli bado ni shida, na kutukana mfululizo video nzima bado ni shida. Sasa ukimsikiliza mtu aliyejifunza hii sheria 2022 atakwambia ukate mwanzo wa video yako yote bure. Ukipewa ushauri wowote wa hizi sheria uliza ni wa mwaka gani.

Dawa yake ni hii. Rekebisha kwanza kile unachoweza kurekebisha bila kuaplodi upya, yaani kichwa, thambneli, maelezo, au kata kipande kwa kutumia kihariri kilichopo ndani ya Studio. Ukimaliza ndo uombe binadamu aipitie. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu uamuzi wa yule binadamu ndo wa mwisho, ukikimbilia kuomba wakati thambneli bado ni ile ile umeshachoma nafasi yako. Na kuanzia video inayofuata usiaplodi moja kwa moja hadharani, weka kwanza kama ya faragha, acha ile hatua ya ukaguzi imalize kuangalia hakimiliki na matangazo, ikitoka kijani ndo uiachie. Siku za kwanza ndo watazamaji wengi wanakuja, ikikaa njano siku hizo hata ikirudi kijani wiki ijayo hela kubwa imeshapita.

Kuna pia yale maswali wanakuuliza ujipime mwenyewe, kuna matusi, kuna vurugu, na kadhalika. Jibu ukweli. Ukiwa unajibu sawasawa mara kwa mara mfumo unajifunza kuamini majibu yako kuliko mashine, ukidanganya inaenda kinyume, na ukidanganya sana unaweza hata kuondolewa kwenye mpango wa washirika, ule unaokuruhusu kulipwa na YouTube.

Video imepigwa kleimu ya hakimiliki

Kleimu na straiki ni vitu viwili, watu wanachanganya mpaka wanakosa usingizi. Kleimu mara nyingi inatoka kwenye Content ID, mashine inayolinganisha sauti na picha zako na mafaili ya wenye haki. Mwenye haki ndo anachagua, aizuie video, achukue hela ya matangazo, au aangalie tu takwimu. Kleimu haiharibu sifa ya chaneli. Straiki ni pale mwenye haki ameandika ombi la kisheria video itolewe, hiyo inakaa siku 90, na zikifika tatu ndani ya muda huo chaneli inafungwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumia wimbo mfupi kwenye utangulizi wa kila video. Kipindi naanza haukuwa na tatizo lolote, mwenye nao akaja kuusajili baadae, asubuhi moja nikakuta kleimu zimejipanga mstari mzima, video za mwaka mzima. Content ID inarudi nyuma, haiishii kwenye video mpya. Kilichonisaidia ni kwamba utangulizi ulikuwa mwanzoni kabisa kwa hiyo nikaukata kwenye kila video ndani ya Studio, kleimu zikaondoka zenyewe, sikufuta hata moja. Unaweza pia kunyamazisha wimbo tu au kuubadilisha na mwingine kutoka kwenye maktaba yao ya sauti.

Halafu hizi imani zife jamani: "nimetumia sekunde 10 tu", "nimeandika kwenye maelezo kwamba wimbo sio wangu", "nimeununua wimbo kwa hiyo ni wangu". Hamna hata moja inayokulinda. Kununua wimbo ni kununua ruhusa ya kuusikiliza.

Kama una haki kweli, una leseni mkononi au ni kazi yako mwenyewe, pinga. Mwenye kleimu ana siku 30 kujibu, asipojibu kleimu inaondoka. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu kleimu iingie, mapato yanashikiliwa kuanzia siku ya kwanza ya kleimu na mwisho anapewa aliyeshinda. Ukichelewa yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga tu, zile za nyuma zimeenda. Ila usipinge kwa hasira, maana ukikataliwa ukakata rufaa na ukakosea, mwenye haki anaweza kuomba video itolewe na hapo ndo kleimu inageuka straiki.

Maombi ya kujiunga yamekataliwa au masaa hayapandi

Hapa tumehama kutoka kwenye video, tupo kwenye chaneli. Vigezo vya kujiunga na mpango wa washirika na kupata hela ya matangazo ni sabskraiba 1,000 pamoja na masaa 4,000 ya kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au badala ya masaa, Shorts (zile video fupi za YouTube) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hivi vya 1,000 na 4,000 vipo tangu mwanzoni mwa 2018. Mwaka 2023 ikaongezwa ngazi ya chini, sabskraiba 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na masaa 3,000 au Shorts milioni 3. Watu wanafika ngazi hii wanashangilia afu wanashangaa matangazo hayalipi. Ngazi ya chini inakupa michango ya mashabiki kama uanachama wa chaneli na zile hela mashabiki wanazokutumia ukiwa laivu, mgao wa matangazo bado mpaka ufike ngazi ya juu.

Kama masaa yako yamegoma au yanashuka, angalia haya kabla hujalaumu algoridhimu. Muda wa kutazamwa Shorts kwenye ukurasa wa Shorts hauingii kwenye yale masaa 4,000. Video za faragha, zisizoorodheshwa na zilizofutwa haziingii. Watazamaji uliowapata kwa kulipia matangazo ya video yako hawaingii. Na dirisha ni miezi 12 inayosogea, kwahiyo ile video yako iliyovuma mwaka jana mwezi kama huu inaanza kutoka kwenye hesabu siku baada ya siku, masaa yanashuka wakati wewe unaaplodi kila wiki.

Sasa umefika, umeomba, wamekataa. Sababu mbili ndo zinazoongoza. Ya kwanza ni maudhui yaliyotumika tena, yaani umechukua klipu za watu ukaziunganisha, vipande vya TikTok, magoli, mahojiano ya wengine, bila kuongeza kitu cha kwako kinachoonekana. Na hii haihusiani na hakimiliki, hata kama mwenye klipu amekuruhusu kwa maandishi bado unaweza kukataliwa, maana swali lao ni mtazamaji anapata nini kwako ambacho hakupata kule. Ya pili walikuwa wanaiita maudhui ya kujirudia, Julai 15, 2025 wakaibadilisha jina kuwa maudhui yasiyo halisi. Hapo ndo zikaenea zile stori kwamba ukitumia akili bandia umekwisha. Sio kweli. Kinacholengwa ni uzalishaji wa kiwandani, template moja, sauti moja ya mashine, picha zinazopita, video 200 zinafanana ukibadilisha jina tu. Ukitumia akili bandia kukusaidia kazi ambayo ni yako hamna tatizo.

Anayekagua hatazami video zako zote. Anaangalia mada kuu ya chaneli, video zinazotazamwa zaidi, video mpya, zile zenye sehemu kubwa ya masaa yako, vichwa na thambneli, na yale maelezo ya "kuhusu". Hapa ndo kuna siri: chaneli inaweza kuwa na video 60 nzuri za kwako, ila masaa mengi yanatoka kwenye zile 3 za klipu za watu ulizoweka mwanzoni unajaribu jaribu. Hapo ndo mahali pekee kwenye maelezo haya yote ambapo nitakwambia fikiria kweli kufuta au kuficha, ila piga hesabu kwanza kama masaa yatabaki juu ya 4,000, maana ukishuka chini unarudi foleni.

Una siku 21 za kukata rufaa. Kwenye rufaa ya maudhui yaliyotumika tena unaweza kutuma video fupi isiyozidi dakika 5, isiyoorodheshwa, unaonyesha jinsi unavyotengeneza kazi zako, unarekodi wapi, unahariri vipi, na anuani ya chaneli itajwe ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Onyesha mikono ikifanya kazi, onyesha faili la kuhariri likiwa wazi, usiende kulalamika. Kama sio rufaa basi unasubiri siku 30 kuomba tena, ukikataliwa mara ya pili inakuwa siku 90.

Watazamaji wapo, hela hakuna

Hapa mara nyingi hamna kilichoharibika ila inabidi ujue unasoma namba gani. CPM ni kile mtangazaji analipa kwa matangazo 1,000 kuonyeshwa. RPM ni kile wewe unabaki nacho kwa kila watazamaji 1,000, baada ya mgao, na ndani yake kuna wale ambao hawakuonyeshwa tangazo lolote. Watu wanapiga hesabu kwa CPM afu wanajiona wameibiwa. Mgao wenyewe kwa video ndefu ni asilimia 55 kwako, kwa Shorts ni asilimia 45 ya fungu lako, na Shorts hela inakusanywa kapu moja kisha inagawanywa, ukitumia wimbo mmoja nusu ya sehemu inayotokana na watazamaji wako inaenda kulipia muziki kabla ya huo mgao. Ndo maana Shorts ya watu milioni inaweza kushindwa na video ndefu ya watu elfu kadhaa.

Angalia pia urefu. Tangazo la katikati ya video linaruhusiwa kuanzia dakika 8, ilikuwa 10 mpaka Julai 2020. Video ya dakika saba na nusu unajinyima mwenyewe, ila pia usivute stori mpaka watu wachoke ili ufike 8. Na kama imeshuka Januari, shusha pumzi, watangazaji wanamwaga bajeti mwisho wa mwaka, Januari inakauka kwa karibu kila mtu.

Ikiwa pamoja na hela kushuka unaona koment zimefungwa zenyewe, nenda moja kwa moja kwenye mpangilio wa watoto. Baada ya Google na YouTube kukubali kulipa dola milioni 170 mwaka 2019 kwa mamlaka za Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila ruhusa ya wazazi, kuanzia Januari 2020 kila video lazima iseme kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ikishawekwa ndiyo, matangazo ya kulenga mtu binafsi yanaondoka, koment zinafungwa, uanachama hamna. Nimekuta watu wameitikia ndiyo kwenye chaneli nzima wakidhani swali ni kama video inafaa kuangaliwa na watoto. Swali ni kama imelengwa kwao. Kama kweli inawalenga, iache hivyo hivyo, usidanganye.

Matangazo yamepungua ghafla chaneli nzima

Video zote kijani, watazamaji wale wale, mapato yameanguka au mwisho wa mwezi wamekata sehemu. Fikiria kwanza trafiki batili. Umenunua watazamaji, umo kwenye magrupu ya kutazamiana na kusabskraibiana, au ndugu jamaa na marafiki wanabonyeza matangazo wakidhani wanakusaidia. Wale wanaokupenda ndo wanakuumiza bila kujua, waambie waache leo hii. Usiseme kwenye video "bonyezeni matangazo", ni kosa la moja kwa moja. Na kama umeona trafiki ya ajabu ambayo hukuisababisha, ingia kwenye takwimu uone inatokea wapi, sitisha promo yoyote unayolipia nje, kisha subiri itulie.

Dili za kampuni hapa naongea kwa kifupi: ukilipwa au ukipewa bidhaa ya bure ili uiongelee, tiki ile sehemu ya promosheni ya kulipiwa, na sema mwenyewe kwa mdomo. Kutiki hakupunguzi hela yako. Kwa TikTok washa kitufe cha maudhui ya kibiashara na tumia nyimbo za maktaba ya kibiashara tu, wimbo unaovuma ulioruhusiwa kwenye video ya kawaida hauruhusiwi kwenye tangazo la bidhaa.

Hela inaonekana ila haifiki

Hii ni akaunti ya AdSense (huduma ya Google inayokulipa hela ya matangazo), na kuhariri video hata usiku kucha hakutaisaidia. Namba unazoona kwenye Studio ni makadirio, hesabu kamili ya mwezi inaingia kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, malipo yanatoka kati ya tarehe 21 na 26 kama umefikisha dola 100. Hujafika, inasogea mwezi mwingine, haipotei.

Ukifikisha dola 10 wanatuma barua ya posta yenye PIN (namba ya kuthibitisha anuani yako), inachukua kama wiki 2 mpaka 4 na una miezi minne kuiingiza, ikipita matangazo yanasimama. Hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu anuani waliyoandika posta haiwezi kuifikia. Tumia sanduku la posta la mtu unayemwamini kama huna lako. Barua ikipotea omba nyingine, na ukishaomba mara kadhaa bila kuipata kuna njia ya kuthibitisha kwa kitambulisho.

Jaza fomu ya kodi ya Marekani hata kama hujawahi kufika huko. Tangu Juni 2021 usipojaza wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, ukijaza makato yanagusa tu sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani, kiwango cha juu asilimia 30, na kinashuka kama nchi yako ina mkataba wa kodi nao na ukauchagua kwenye fomu.

La mwisho ni majina. Jina la AdSense, jina la kitambulisho na jina la akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi, na usifungue AdSense ya pili kwa jina lako kwa sababu ya kwanza imesumbua, itakataliwa kama nakala. Kama ulishawahi kufungua moja zamani kwa blogu au kitu kingine ukaisahau, tafuta kwenye email zako za zamani ujue iko wapi, unganisha chaneli na hiyo hiyo au ifunge kwanza, ndo uendelee.